Maswali ya wasomaji: maji kwenye ngama, friji inayomaliza betri, na mengine ya kuishi ndani ya boti ya tanga

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kutoka kwa nyie mnaokaa ndani ya boti za tanga, na wengi wenu ni vijana wetu wa pwani mnaochunga boti za wageni Kilifi, Mtwapa, Tanga na Msasani mwenyewe akiwa amerudi kwao, wengine mmenunua boti kuukuu za faiba mkahamia humo na wake zenu na watoto. Nimechagua maswali yanayojirudia. Jambo moja nimeliona karibu kila barua, mtu anajua boti yake kwa juu, anajua tanga na usukani na kamba zote, lakini ukimuuliza chini ya mbao za sakafu, kwenye ngama maji yanakokusanyika, kuna nini anasita. Huko chini ndo nitawapeleka leo karibu kwenye kila jibu, mnivumilie.

Shikamoo Nahodha. Nachunga boti ya faiba ya futi 36 hapa hori la Kilifi na nalala humo humo. Kila asubuhi nakuta maji kwenye ngama kama nusu ndoo, pampu inatoa, kesho yako tena. Mwenyewe yuko Ulaya, nikimpigia ananiambia ni kawaida ya boti. Ni kawaida kweli? (Mchunga boti, Kilifi)

Marahaba mwanangu. Hapana, sio kawaida, na mwambie hivyo kwa heshima. Chombo cha mbao kinavuja kidogo kwenye maungio, ndo maana zamani kufua maji ilikuwa kazi ya kila siku kwenye jahazi, lakini bodi ya faiba ni kipande kimoja, maji yakiingia yamepita kwenye tundu ambalo mtu alilitoboa makusudi, la choo, la sinki, la kupoozea injini, la shafti ya propela, au basi yanatoka juu ya sitaha au kwenye tenki lenu wenyewe. Kwa hiyo kwanza jua ni maji gani. Chovya kidole ulambe, uteme. Ya chumvi yametoka baharini, yasiyo na chumvi ni tenki au mvua au friji inayoyeyuka. Ukiona yana mafuta juu yake usilambe, hapo anzia kwenye injini.

Halafu mchana, wewe ukiwepo ndani, zima swichi ya otomatiki ya pampu. Hiyo pampu ya otomatiki ni nzuri lakini inakuficha ugonjwa, inatoa maji usiku kucha we umelala unaona ngama iko sawa, mpaka siku betri inaisha nguvu ndo unaamka maji yako kwenye godoro. Kausha ngama yote kwa sponji na matambara mpaka faiba ikauke kabisa, kisha tandika tishu za choo kuzunguka kila koki (ile inayofunga tundu lililotobolewa kwenye bodi) na chini ya shafti. Rudi baada ya saa moja, rudi tena baada ya mbili. Tishu inayolowa kwanza inakuonyesha njia. Mara nyingi inakuwa ni shafti. Pakingi ya zamani, ile inayoziba pale shafti inapotokea nje, inaruhusiwa kudondosha matone machache kwa dakika propela ikizunguka, manake hayo maji ndo yanaipooza, lakini injini ikizimwa matone yanatakiwa yakome au yabaki kidogo sana. Kama yanaendelea, kaza nati ya pakingi robo ya mzunguko tu, uangalie, usikaze kwa nguvu zote manake shafti itapata moto na kuanza kulika.

Kwenye koki nataka tukae kidogo. Koki ya milimita 38 ikikatika nusu mita chini ya maji inaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na pampu ndogo ya umeme ya boti nyingi haiwezi kushindana na hiyo. Kwa hiyo fungua na ufunge kila koki angalau mara moja kwa wiki hata kama huitumii, usipofanya hivyo inaganda na siku ya shida mkono wa koki unabaki mkononi. Angalia rangi yake. Watu wengine kwa kubana pesa wanafunga koki za mabomba ya nyumbani, zile za shaba ya njano, maji ya chumvi yanakula zinki iliyo ndani na shaba inabaki na rangi ya wekundu wekundu na inakuwa laini, inameguka ukiipiga kidogo. Ukiona wekundu huo usiiguse boti ikiwa majini, subiri ipandishwe. Kila mpira wa paipu uwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Na kila koki ifungiwe kizibo cha mbao laini kilichochongwa ncha, kwa kamba, pale pale ilipo, usiviweke vizibo vyote kwenye droo moja manake maji yakiingia gizani hutaitafuta droo.

Ukishajua, piga picha umtumie mwenyewe. Na anza daftari, kila asubuhi andika umetoa maji kiasi gani. Mwenye boti aliye mbali anaelewa namba haraka kuliko maneno.

Habari Nahodha, tulitia nanga Msasani maji yakiwa yamepwa, kina kilikuwa mita 4, tukatoa mnyororo mita 20 kama tulivyofundishwa mara 5 ya kina. Usiku wa manane boti ikaburura nanga, tukaamka tuko karibu na boti ya jirani. Nanga ni mpya. Tatizo nini? (Mume na mke, Dar es Salaam)

Nanga yenu haina kosa. Hesabu mliifanya na maji yaliyopwa, na pwani yetu wakati wa bamvua, zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, sio kama Mediterania ambako hicho kitabu chenu labda kiliandikwa na bahari haibadiliki sana. Hebu tuhesabu upya. Kina mita 4, ongeza mita 3 na nusu za maji kujaa, ongeza mita moja ya kutoka usawa wa maji mpaka omo, mbele ya boti, pale mnyororo unapotokea, hiyo ni mita 8 na nusu. Mara 5 ni mita 42 na nusu. Nyie mlikuwa na 20, yaani maji yalipojaa mlikuwa na mara mbili na kidogo tu, mnyororo ukanyanyuka kutoka chini, ukawa unaivuta nanga juu badala ya kuilaza. Hakuna nanga inayoshika hivyo upepo ukiongezeka.

Ila kuna upande wa pili ambao watu wanausahau. Ukitoa mita 42 maji yakipwa boti inazunguka mduara mkubwa sana, kwa hiyo kabla hujalala pima kina pande zote za huo mduara, na kama unapima maji yakiwa yamejaa utoe mita 3 na nusu kichwani, uone kama kuna mwamba au kama boti itakaa chini. Uangalie na majirani wako wamefunga vipi, aliye kwenye boya hazunguki kama wewe. Pia injini irudi nyuma taratibu ukishatia nanga, uone alama mbili za nchi kavu, mnazi na nguzo au chochote, zimesimama pale pale. Zikitembea nanga inatembea.

Nahodha wangu, tunaishi kwenye boti Mtwapa, tuna betri moja ya asidi ya 100 Ah (ampea kwa saa) na sola moja ya wati 100. Taa na simu hazina shida. Tangu tuweke friji ya volti 12 kila alfajiri betri imekufa, na hii ni betri ya pili. Fundi anasema betri za siku hizi ni feki. (Baba wa watoto wawili)

Kuna feki kweli madukani, lakini hapa friji ndo inakula zaidi ya mnachoingiza, fundi wako hajapiga hesabu. Friji ndogo ya kompresa inavuta ampea 4 au 5 ikiwa inafanya kazi, na kwenye joto letu inafanya kazi karibu nusu ya siku, kwa hiyo kwa masaa 24 unaongelea 50 mpaka 60 Ah. Sola ya wati 100 kwa siku ya jua zuri inakupa 25 mpaka 30 Ah za kweli, siku ya mawingu ya masika hata 10 haifiki. Na hiyo betri yako ya 100, kwa kuwa ni ya asidi, unatakiwa utumie nusu tu, ukiimaliza kila usiku inakufa mapema. Kwa hiyo unaingiza 30, unatoa 60 pamoja na taa, kila siku deni linaongezeka. Hata betri ya bei ghali zaidi mjini ingekufa.

Nunua mita ya volti ya bei rahisi. Alfajiri kabla jua halijapiga sola, zima friji na kila kitu, ukiweza subiri saa moja au mbili, kisha pima. Volti 12.7 betri imejaa, 12.2 iko nusu, ikifika 11.9 imeisha na unaiumiza. Andika namba hizo wiki nzima, utaona mwenyewe.

Kurekebisha, anza na kisicho na gharama. Panda juu saa 6 mchana uangalie sola yako, kivuli cha waya wa mlingoti au cha mti wa tanga kikikatiza hata kipande kidogo cha sola kinaweza kupunguza umeme wake sana kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa hiyo ihamishie nyuma kwenye tezi ambako hakuna kivuli, na iachie nafasi ya hewa chini manake sola yenye joto inatoa kidogo. Halafu friji yenyewe, boti nyingi za Ulaya zina sponji ya sentimita 3 au 4 tu kwenye kuta za friji, zilitengenezewa bahari ya baridi. Ongeza mpaka 8 au 10 pande zote, mfuniko usisahau, na lastiki ya mlango ikishikwa na karatasi karatasi isitoke kirahisi. Usiweke chakula cha moto. Jaza nafasi tupu na chupa za maji. Hayo peke yake yanapunguza kazi ya kompresa kwa kiasi utakachokiona kwenye mita.

Baada ya hapo ndo ongeza sola, ufike wati 300 kama nafasi ipo, na betri ya pili inayofanana na ya kwanza umri na aina. Ukipata uwezo wa betri za lithiamu za fosfeti ya chuma hizo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuziumiza, ila chaja na kontrola ziwe zinazoendana nazo, usiunganishe tu. Na popote utakapokuwa, fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, manake waya wa betri ukichubuka boti inaungua kwa dakika chache na hakuna mahali pa kukimbilia ila majini.

Kitu kingine, betri za kumwagia maji zijazwe maji ya betri yale safi tu. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya asidi yanatoa gesi ya klorini, ni sumu. Ndo maana sanduku la betri linawekwa juu ya ngama na kufungwa lisipinduke.

Nahodha, nanusa gesi nikipika. Mtungi tumeuweka kabatini chini ya sinki kama nyumbani. Mume wangu anasema dirisha liko wazi. (Mama Watoto, Tanga)

Dada, utoe mtungi huo leo kabla hujapika chakula kingine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nyumbani inatoka mlangoni, kwenye boti hakuna mlango chini, inashuka mpaka ngama inakaa pale ikisubiri cheche ya pampu au ya starta ya injini. Dirisha liko juu, halisaidii. Mtungi unakaa nje sitahani, au kwenye sanduku lililofungwa lenye tundu chini linalomwaga nje baharini. Kabla ya kuwasha swichi yoyote leo funga mtungi, fungua mbao zote za sakafu, peperusha hewa ya ngama kwa mkeka au tumia pampu ya mkono ya kufua maji, sio ya umeme. Kisha paka maji ya sabuni kila kiungo kuanzia reguleta mpaka jiko, povu likitokea pamevuja, mpira wenye nyufa ubadilishwe wote usifungwe na selotepu. Na kila ukimaliza kupika funga kwenye mtungi wenyewe kwanza, moto ufe peke yake, ndo ufunge jiko.

Mwambie na mume wako asome jibu hili.

Choo chetu kinanuka mayai viza tukirudi baada ya siku chache mjini, na tunakisafisha na dawa kila siku. Sasa hivi hata kupampu kimekuwa kigumu. (Vijana wawili, Kilifi)

Hayo ni matatizo mawili. Harufu inatoka kwenye maji ya bahari yaliyobaki ndani ya mpira, humo mna vidudu vidogo sana vinakufa na kuoza mkiwa hampo, dawa ya kwenye bakuli haivifikii. Mkiondoka mwageni lita kadhaa za maji yasiyo na chumvi mpampu mpaka yapite mfumo wote, pamoja na njia ya kuingizia, ndo harufu inaisha. Ugumu wa pampu ni chokaa, mkojo ukikutana na maji ya bahari unajenga gaga jeupe ndani ya mpira, mwaka hata mwaka tundu linabaki la kidole. Mwaga siki kikombe kimoja au viwili jioni, pampu kidogo iingie kwenye mpira, iache ilale, asubuhi suuza. Fanya kila wiki. Ikiwa imeshaganda sana siki haitoshi, toeni mpira wote mkaupige chini ufukweni, gaga litatoka vipande vipande, au nunueni mwingine. Pampu ipakwe mafuta ya mboga kidogo lastiki zisikauke.

Na mpampu vya kutosha. Mkiacha katikati ya mpira ndo kila kitu kinakaa humo. Kuhusu wapi mnamwaga, hori la Kilifi watoto wanaogelea na watu wanavua chaza na kaa, tumieni tenki la kuhifadhi, mwageni nje kabisa bahari kuu.

Shikamoo mzee. Nina boti ya faiba yenye mkuku (uti wa chini) mrefu, chini imeota majani na yale makombe magumu mpaka haisogei. Kuipandisha kwa kreni ni gharama. Baba yangu ni fundi wa mashua Lamu, anasema nipweleze bamvua, yaani niikalishe mchangani maji yakipwa, nikwangue nipake deheni kama zamani. Rafiki zangu wananicheka. (Mwana wa fundi)

Marahaba, na umsalimie baba. Kupweleza ni sawa kabisa na wasikucheke, mkuku mrefu umeumbiwa hivyo. Pwani yetu inakupa kitu kizuri sana, siku za bamvua maji yanapwa kabisa asubuhi, karibu saa 4 au saa 5, kwa hiyo una mwanga wa kufanya kazi. Ila chagua siku kwa akili. Usipande siku ya bamvua kubwa yenyewe wala baada yake, manake maji ya kesho yatakuwa madogo kuliko ya leo na ya keshokutwa madogo zaidi, boti itapwelea pale mpaka bamvua lijalo, wiki mbili. Panda siku mbili tatu kabla, maji bado yanaongezeka, kila yakijaa yanakuja juu zaidi ya jana na utaelea bila wasiwasi. Chagua mchanga mgumu usio na mawe, tembea hapo maji yakiwa yamepwa uweke alama. Iegemeze kwenye ukuta wa gati au uifungie nguzo pande zote mbili, na uzito kidogo, madumu mawili ya maji, upande unaotaka ilalie ili isije ikaamua yenyewe. Funga koki za upande wa chini. Mtu asipande mlingotini.

Kukwangua anza na chombo cha plastiki au cha mbao, cha chuma kinachimba faiba. Kwangua yakiwa bado mabichi, yakikauka na jua yanakuwa mawe. Tandika turubai chini ukusanye takataka ya rangi, rangi hizo zina shaba na ni sumu kwa samaki na kwako pia, kwa hiyo usisugue kavu, mwagia maji, vaa barakoa. Ukikuta rangi ya zamani sana kwenye boti ya miaka mingi kuwa mwangalifu zaidi, zilikuwepo rangi za bati ambazo zimepigwa marufuku kimataifa tangu 2008.

Deheni sasa. Baba yako anasema kweli kwa chombo cha mbao, shahamu na chokaa chini ya mstari wa maji na sifa, yale mafuta ya samaki, juu yake, hiyo imelinda majahazi yetu na minyoo inayotoboa mbao kwa karne nyingi na mashua nyingi bado zinapakwa mpaka leo. Lakini faiba haina mnyoo, mnyoo hauli faiba, na deheni haishiki vizuri kwenye uso laini vile, itabanduka. Chukua rangi ya shaba ya kuzuia maota, paka koti mbili, tatu kwenye omo na kwenye usukani ambako maji yanasugua. Soma kopo uone inataka kukauka kwa masaa mangapi kabla ya maji kuifikia, nyingine zinataka zaidi ya muda utakaoupata kwenye maji kupwa mara moja. Siku hiyo hiyo badilisha zinki, kile kipande kinachofungwa kwenye shafti. Kinalika badala ya propela yako, kikibaki nusu kimemaliza kazi. Usikipake rangi, kikipakwa rangi hakifanyi kitu.

Baba yako umchukue siku hiyo. Fundi aliyezoea kukalafati, kuziba maungio ya mbao kwa pamba, anagonga bodi kwa mkono anasikia palipo na maji ndani, faiba nayo inasikika hivyo hivyo, sauti inakuwa butu.

Nahodha, natakiwa nisafiri Machi mpaka Juni, boti itabaki majini Mtwara. Wazee wananiambia pwani yetu haina vimbunga. (Mwalimu, Mtwara)

Ni nadra, wazee wana haki, lakini kusini huko hapako salama kabisa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Zaidi ya hapo, miezi hiyo ndo Kaskazi inakufa na Kusi inaanza, upepo unageuka nusu dunia, boti iliyojikinga Januari inakuwa wazi Juni. Ipeleke ndani zaidi kwenye mikoko, kamba zaidi ya moja kwenye boya, na kila kamba inapogusa bodi ivalishwe kipande cha mpira wa maji isikatike kwa kusuguana. Matanga yote yavuliwe yashushwe, hata lile la mbele linalojiviringisha, hilo ndo linalofunguka na upepo na kuvunja mlingoti. Na uache mtu wa kufungua sakafu kila asubuhi, umlipe vizuri.

Habari za huko. Mimi ni Mkenya niko Southampton, kodi ya nyumba imenishinda, kuna boti ya tanga ya futi 30 ya bei nafuu naifikiria nikae marina. Unishauri. (Dada wa Southampton)

Dada, kabla ya bei uliza marina swali moja kwa maandishi, wanaruhusu mtu kuishi mwaka mzima? Nyingi haziruhusu kama makazi, zinaruhusu kulala siku kadhaa tu, na ukikosa anwani unahangaika na benki na daktari. Pili boti ya bei nafuu ichunguzwe na mkaguzi ikiwa imepandishwa juu, sio majini, bima karibu zote zitataka ripoti hiyo, na akifika mwambie aangalie koki zote, mkuku unapoungana na bodi, na waya za mlingoti, kama zina zaidi ya miaka 10 au 15 jiandae kuzibadilisha na hiyo ni pesa nyingi. Toa bei hiyo kwenye bei ya boti.

Baridi ya huko utaishi na unyevu. Pumzi yako, kupika kwako, vyote vinagandia kwenye faiba baridi na kudondoka kitandani, baada ya mwezi ukungu mweusi chini ya godoro. Inua godoro juu ya vibao hewa ipite, acha tundu moja wazi hata kukiwa na baridi, na upate hita inayotoa moshi wake nje kwa paipu. Usipashe moto kwa jiko la gesi. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe ukutani kabla hujawasha hita mara ya kwanza, gesi hiyo haina harufu, mtu analala haamki.

Ukichomeka umeme wa gati, zinki zako zitalika haraka kuliko kawaida manake boti zote za marina zinaunganishwa na waya wa ardhi mmoja, fundi akuwekee kifaa cha kuutenga. Uangalie zinki kila miezi michache.

Na ya harakaharaka:

Mende, Mtwapa: wanaingia na maboksi ya karatasi kutoka sokoni, mayai yao yamo kwenye mikunjo. Boksi lisivuke kutoka dingi, ile boti ndogo ya kuvukia, mimina vitu kwenye kikapu pale gatini. Waliomo tayari wawekee asidi ya boriki na sukari kwenye vifuniko vya soda, mbali na watoto.

Shuka zisizokauka, Pemba: mnazifua na maji ya chumvi. Chumvi inavuta unyevu wa hewa kila jioni. Fueni na maji ya chumvi kama yasiyo na chumvi ni machache, lakini suuza ya mwisho iwe maji ya mvua. Tandazeni turubai masika, mvua ya kwanza ioshe chumvi na vumbi, ya pili ndo muingize tenkini.

Injini inayopata moto, Tanga: ukiwasha tu nenda nyuma uangalie ekzosi, maji yatoke na moshi ndani ya nusu dakika hivi. Yasipotoka zima. Funga koki, fungua chujio la maji utoe majani, kisha fungua pampu uangalie impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, majani yake ya mpira yakiwa yamekatika badilisha, na vipande vilivyokatika uvitafute mpaka uvipate vyote, manake kimoja kikibaki ndani ya paipu ya kupoozea injini itapata moto tena na impela mpya.